Yoti ya mita 15 hapa Mombasa: kutoka moldi hadi majini

Mwezi wa kumi na moja, kaskazi yaanza

Watu wakipita karakana wakiona michoro ukutani swali la kwanza ni "hii mwaileta kutoka wapi", kana kwamba boti nzuri lazima ishuke bandarini ndani ya kontena. Hii haishuki popote. Mchoro wachorwa hapa, moldi, yaani kalibu ya kutolea umbo la boti, yatengenezwa hapa, faiba itapigwa hapa hapa karibu na hori ya Tudor, na mafundi ni wa Mombasa, Kilifi, Lamu na Vanga. Vya kutoka nje ni injini, jenereta, AC na vile vidude vya kuonyesha njia na kina. Nitaandika kila hatua ikifika mahali pa kueleweka, sio kila siku, manake kuna siku ni kupiga msasa tu kuanzia asubuhi hadi jioni, hakuna la kusimulia.

Boti yenyewe ni mita 15 urefu, mita 4.5 upana, vyumba vitatu vya kulala, vyoo viwili, jiko, sebule, na juu kuna usukani wa pili wa kuendeshea ukiwa kwa upepo. Injini mbili za dizeli, kila moja hosipawa 370. Kwa dunia ya yoti hii ni ndogo, wenyewe wakubwa wanaanza kuhesabu kuanzia mita 24, na ile Azzam ambayo Lürssen wa Ujerumani waliitoa 2013 ina mita 180, yaani upange kama hii yetu 12 kwa mstari ndio uifikie. Sawa, lakini mimi ukubwa haunisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba yoti nyingi za katalogi zimechorewa Mediterania, bahari ambayo kujaa na kupwa karibu hukuoni, na sisi hapa siku za bamvua maji yapanda na kushuka karibu mita 4, kusi likivuma nje ya mwamba ni mlima juu ya mlima, jua nalo halina huruma. Ukileta boti ya kule na kuipaka rangi nzuri bado itakuwa boti ya kule. Anasa ya bahari hii inatakiwa ianze na bahari hii, na hilo ndilo nataka mradi huu uonyeshe.

Mwenye boti alipotupa kazi hakuleta orodha ya marumaru na taa za kuwaka rangi rangi. Alisema ataka atoke Mombasa asubuhi awe Lamu kabla ya magharibi, ataka mamake mzee aweze kupanda bila kubebwa, na usiku wakitia nanga ataka asikie maji, asisikie jenereta. Nikamwambia kaka, hizo ni ngumu kuliko marumaru.

Hesabu za mwendo

Lamu kutoka hapa ni kama maili 130 za bahari, na ukishuka kusini hadi Unguja mjini pia ni kama hizo hizo, kwa hivyo tulichukua 130 kuwa safari ya kupimia kila kitu. Boti inayokata maji bila kuinuka juu yake ina kikomo cha mwendo, unachukua urefu wa pale maji yanapogusa kwa futi, unatafuta kipeuo cha pili, unazidisha kwa 1.34. Yetu inagusa maji mita 13.8, ambazo ni futi 45 na kidogo, jibu ni noti 9, yaani maili 9 za bahari kwa saa. Kwa noti 9 Lamu ni saa 14 na zaidi. Ukitoka alfajiri unaingia usiku, na kuingia Lamu usiku kwa boti usiyoizoea mimi simshauri mtu. Kwa noti 16 ni saa 8 na dakika chache, watoka saa moja asubuhi, alasiri umeshafunga kamba.

Ila noti 16 zina bei yake. Dizeli inakula kama lita 0.2 kwa kila hosipawa kwa saa. Kwa noti 9 boti hii yataka kama hosipawa 70, kwa noti 16 yataka kama 400. Ukipiga hesabu ya safari nzima ni kama lita 200 dhidi ya 650. Ndio maana tumeweka tenki mbili za jumla lita 2,000, aende, arudi, na akiba ibaki bila kutafuta mafuta kule.

Umbo la tumbo tulibishana sana. Kuna V kali inayoenda hivyo hivyo hadi nyuma, ile ya Ray Hunt wa Marekani, iliyopata jina mwaka 1960 boti ya Moppie iliposhinda mashindano ya Miami hadi Nassau kwenye bahari chafu kabisa. V hiyo yapasua wimbi vizuri sana lakini boti ikisimama yayumba, na mafuta yaenda. Sisi tumeweka V kali kwenye omo, yaani mbele, halafu inalegea taratibu mpaka digrii 15 kwa tezi, yaani nyuma. Na chini kule nyuma tumechimba mifereji miwili ambayo rafadha, zile panga za kusukuma boti, zinakaa ndani yake, kwa hivyo boti inazama mita 1.1 tu. Ule Mkanda wa Manda, mlango mwembamba wa maji kule Lamu, maji yakiwa yamepwa, au michanga ya Wasini, hapo kila sentimita ni pesa.

Mwezi wa kwanza, plagi

Kabla ya moldi lazima kuwe na plagi, yaani boti ya uongo ya mbao na ubao laini ambayo moldi itachukua sura yake. Fremu zimekatwa kwa mashine kutoka kwa mchoro wa kompyuta, zikasimamishwa juu ya mkuku wa muda, ule uti wa chini wa boti, zikavikwa mbao nyembamba.

Hapa ndipo mzee wetu wa Lamu aliingia. Huyu amejenga majahazi na mashua umri wake wote bila karatasi, na wengine walikuwa wanauliza atafanya nini kwa boti ya faiba. Alilala chini kwa tezi, akafumba jicho moja, akaangalia ubavu wote hadi omo, akasema "mwanangu, hapa pana kibiongo". Tukaweka ubao mrefu wa kupinda tukapima, kweli, milimita 4 juu ya fremu ya saba. Milimita 4 kwa mbao ni kitu kidogo, kwa faiba nyeupe inayong'aa jua la saa kumi likiipiga ubavuni kila mtu gatini anaiona.

Kisha akasimama mbele ya omo muda mrefu. Akasema boti hii itakunywa maji, manake kusi halikupigi usoni tu, lakupiga begani ukiwa waelekea kusini, na bega la boti ni jembamba. Tukarudi kwa kompyuta, tukainua omo sentimita 12 na kuipanua pale juu ili wimbi litupwe nje. Nilipowasha hesabu tena uzito uliongezeka kidogo sana na sitaha ya mbele ikawa na nafasi nzuri ya kulalia. Mimi nasema wazi, ujuzi wa vyombo wa pwani hii hauishi kwa sababu mbao zimebadilishwa na kitu kingine. Wale wa Lamu wakiongozwa na Ali Skanda walishua Flipflopi 2018, jahazi la mita 9 la plastiki iliyotumika, na 2019 likasafiri hadi Unguja. Fundi ni fundi.

Jambo la rangi

Mwenye boti alitaka bluu nzito, ile ya usiku. Nzuri kwa picha, sikatai. Lakini faiba ya rangi nzito kwenye jua la hapa uso wake unaweza kupita digrii 70, na rezini za kawaida, ile gundi inayoshika nyuzi za faiba, zaanza kulegea kwenye joto la karibu na hapo, ndio unaona boti za rangi nzito baada ya miaka kadhaa zimeonyesha nyuzi za ndani kama kitambaa. Na joto hilo lote laingia vyumbani, AC ipigane nalo mchana kutwa. Tulichukua vipande viwili vya faiba, kimoja cheupe kimoja bluu, tukaviweka juu ya bati saa sita mchana tukamwambia kaka weka mkono. Aliweka kwa cheupe akatulia, kwa bluu akautoa mara moja. Boti ni nyeupe, na mstari wa bluu juu ya maji.

Mwezi wa tatu, kabla ya masika

Hii ndiyo siku iliyotunyima usingizi kuliko zote. Bodi nzima, yaani ganda la boti, tumeipiga kwa vakyum. Kwa wasiojua: unapaka jelikoti, ule uso wa nje unaong'aa, kwa moldi, nyembamba tu, nusu milimita hivi, kisha unalaza nyuzi kavu za faiba na povu gumu katikati yake, unafunika yote kwa plastiki, unaziba kingo, pampu inanyonya hewa, halafu unafungua mabomba na rezini inavutwa yenyewe kupita ndani ya nyuzi. Ukipiga kwa mkono na rola faiba inakuwa asilimia 35 hadi 40 ya uzito, kilichobaki ni rezini tu. Kwa vakyum faiba inapita asilimia 60. Boti inakuwa nyepesi na ngumu zaidi, na mafundi hawavuti ile harufu kali siku nzima, hilo kwangu ni kubwa manake vijana hawa wana mapafu ya kuwafikisha uzeeni.

Shida ya Mombasa ni joto. Rezini yapewa dawa ya kuigandisha, asilimia moja hivi, na kadiri joto linavyopanda ndivyo inavyoganda haraka. Ikiganda kabla ya kufika mwisho una kipande kikubwa cha takataka chenye umbo la boti. Kwa hivyo tulifungua mabomba baada ya sala ya alfajiri, joto likiwa chini kuliko saa zote, mapipa ya rezini yamelala kwenye maji ya barafu usiku kucha. Kabla ya hapo tulizima pampu tukaangalia geji nusu saa kuona kama hewa yaingia, ikashuka kidogo, tukatafuta tundu kwa masikio hadi tukalipata kwenye kona ya nyuma, sauti nyembamba sana. Kijana wetu mmoja ndiye aliyelisikia, sisi wakubwa tulikuwa tumepita hapo.

Rezini ya tabaka la nje ni vinailesta, ni ghali zaidi lakini maji hayaipenyi kirahisi, na boti yetu italala kwenye maji ya moto mwaka mzima. Ile ya ndani ni ya kawaida. Ilikwenda vizuri, ukiangalia kupitia plastiki unaona rangi ikibadilika kidogo kidogo kuelekea juu, karakana nzima kimya, hata redio ilizimwa. Saa nne asubuhi ilikuwa imefika ukingoni pande zote. Alhamdulillahi.

Kusi, mwezi wa sita hadi wa nane

Masika yalipopita tukaingia ndani. Mataruma, yaani mbavu za boti, kuta za ndani, injini kuketi kwenye mipira yake, mabomba, nyaya. Wageni wakija wanataka waonyeshwe sebule, mimi huwapeleka kwanza chini ya sakafu. Nyaya zote ni za shaba iliyopakwa bati, manake shaba tupu kwenye hewa ya chumvi inaota kijani ndani ya plastiki yake hujui mpaka taa zife. Kila waya ina namba ncha zote mbili. Pampu za ngama, yale maji yanayokusanyika chini ya boti, ni tatu na kila moja ina swichi yake ya kuelea.

Stenlesi tulipata mtihani. Duka moja lilituuzia mabomba ya reli likisema ni 316, ile yenye molibdenamu inayovumilia maji ya chumvi. Kwa macho huwezi kuijua na ile ya 304, na sumaku haikusaidii. Tunayo dawa ya matone ya kupimia, tukaitia, haikubadilika rangi inavyotakiwa. Mabomba yote yakarudi dukani kabla ya kukatwa hata moja. Kwa pwani hii 304 itatoa machozi ya kutu sitahani ndani ya msimu mmoja, na mtu amelipa pesa ya anasa.

AC nayo. Hizi za boti zapoozwa kwa maji ya bahari, na nyingi zimepimwa kwa maji ya baridi kuliko yetu, hapa msimu wa kaskazi maji yafika digrii 28 au 29. Ungeweza kununua kubwa zaidi, basi na jenereta kubwa zaidi, basi na kelele zaidi. Tulianza upande wa pili, tukazuia joto lisiingie. Paa la juu limetokeza mita moja na nusu kuelekea tezi, chini yake kuna baraza ya kukaa pande tatu, ndipo watu watakaa mchana kutwa na hawatahitaji AC kabisa. Vioo vimelala kwa ndani ili jua lisipige moja kwa moja. Na boti ikitia nanga huelekea kwenye upepo, kwa hivyo dirisha la juu ya chumba cha mbele tumelifungulia upande wa omo, upepo waingia wenyewe hadi sebuleni. Usiku mwingi hiyo yatosha.

Ndani ni mvule, na mlango mmoja tu wa nakshi ya Lamu. Mwenyewe alitaka milango yote, lakini mbao ya nakshi ni nene na uzito ulio juu ndio adui wa utulivu.

Bi mkubwa alikuja mwenyewe. Tulikuwa tumeunda ngazi ya kupandia kwa plywudi tu, ya kujaribia. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, hii ndiyo boti mtakayoniulia?" Tukacheka wote. Akapanda pole pole, akafika juu, akasema ngazi haina shida, pa kushikia ndipo pako mbali, mtu wa magoti hutafuta mkono kabla ya kuinua mguu. Tukarudisha reli nyuma sentimita 30 na kuiweka pande zote mbili. Hakuna programu ya kompyuta ingeniambia hilo.

Matlai, kusi likiisha, siku ya kushua

Ilitoka karakana usiku kwa lobedi, lile trela la chini, usiku kwa sababu ya magari na nyaya za stima, kijana na mti mrefu mbele akiinua nyaya za chini. Tumbo lilikuwa limepakwa rangi nyekundu ya shaba ya kuzuia vichaza na majani. Ile ya zamani yenye bati la sumu ilipigwa marufuku duniani kwa mkataba uliopitishwa 2001 na kuanza kazi 2008, nzuri iondoke, iliharibu konokono na chaza kila palipo na boti nyingi.

Tulingoja bamvua ili kreni isinyooshe mkono sana. Mikanda miwili, mmoja mbele mmoja nyuma, mizani ya kreni ikasoma tani 15.6. Hesabu yangu ilikuwa 15.1. Nusu tani kwa boti hii ni sentimita moja na kitu ya kuzama, mstari wa bluu haukuguswa. Kabla mikanda haijalegezwa watu wawili walikuwa ndani na tochi wakiangalia kila tundu linalopita bodi. Kavu. Mzee wetu akaomba dua, halwa na kahawa zikazunguka, hata dereva wa kreni aliletewa huko juu.

Majaribio

Boti ikikaa majini umbo lake hubadilika kidogo sana, kwa hivyo shafti hatukuzifunga kabisa nchi kavu. Tuliiacha ikatulia, kisha tukapima mwanya kati ya shafti na gia pande nne, tukasogeza injini mpaka tofauti ikawa chini ya milimita 0.1. Ukiruka hatua hii mtetemo utausikia ukiwa kitandani.

Kisha utulivu. Maji mafu, hakuna upepo, kamba zimelegezwa, timazi ya mita 1.8 inaning'inia sebuleni na jiwe lake limo kwenye ndoo ya mafuta ili lisicheze. Boti ikiwa na tani 17 tukahamisha kilo 200 kutoka ubavu hadi ubavu, mita 3.6. Timazi ilisogea milimita 64. Ukitia kwenye hesabu urefu wa utulivu watoka kama mita 1.2, vile tulivyotaka, haitabiringika na pia haitarudi kwa kishindo cha kuwatupa watu. Watu wa KMA, mamlaka ya bahari ya Kenya, walikuwepo wakiandika yao. Taa nazo zikapimwa pembe kwa sheria za kimataifa za 1972 za kuzuia vyombo kugongana, ya mlingoti digrii 225, nyekundu na kijani 112.5 kila moja, ya nyuma 135.

Siku ya kutoka tulipita Likoni tukiachia feri njia, tukafuata boya za Kilindini hadi nje ya mwamba. Matlai lakini bado kulikuwa na mabaki ya kusi, mawimbi ya mita moja na nusu. Tukaelekea kusini makusudi ili litupige begani. Maji yaliinuka kwenye omo, yakajikunja, yakaanguka nje. Sitaha kavu. Mzee alikuwa amekaa barazani nyuma na kikombe mkononi, akaniangalia tu, akanyanyua kikombe.

Injini zikipewa moto wote zilitakiwa zifike mizunguko 2,800, zikaishia 2,650. Maana yake rafadha zinang'ata maji kupita kiasi na injini zinabeba mzigo hata kwenye mwendo wa kawaida, zingechoka mapema. Rafadha zilitolewa na mpiga mbizi, zikapunguzwa inchi moja ya pichi, yaani msokoto wa panga, zikarudi. Mara ya pili tukapata 2,790. Noti 16 sasa zapatikana injini zikiwa zimetulia, na kule juu kabisa zapita 20.

Kelele tulipima usiku tumetia nanga horini, jenereta ikiwaka, vyumba viwili vizuri, chumba cha nyuma bado kuna mtetemo kwenye mlango wa kabati. Bomba la kutolea moshi wa jenereta lilikuwa limefungwa moja kwa moja kwa bodi, tumelitia mpira, mtetemo umeondoka nusu. Nusu iliyobaki yafanyiwa kazi wiki hii, mwenye boti akiondoka kwenda Lamu mwezi ujao chumba hicho ndicho atakacholala bi mkubwa.

Moldi imeshapigwa nta kwa boti ya pili. Mwenyewe huyo ataka vyumba viwili tu apate nafasi ya mitungi ya kupigia mbizi na kompresa yake, uzito wote huo waenda nyuma, kwa hivyo tenki la maji matamu lahama kuelekea omo na hesabu za mizani zaanza upya Jumatatu.